Anayesafishwa Damu Anahitaji Misuli Pia

Mtu ambaye figo zake zimekoma kufanya kazi huishi kwa kutegemea mashine. Mara tatu kwa wiki, au mbili pale fedha zisipotosha, damu yake hutolewa, hupitishwa kwenye chujio na kurudishwa mwilini kwa muda wa saa nne hivi. Tiba hii ina historia ndefu. Mwaka 1943 daktari Mholanzi Willem Kolff aliunda mashine ya mwanzo mjini Kampen, na mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle, Marekani, akapata njia ya kumuunganisha mgonjwa yuleyule kwenye mashine tena na tena. Tangu hapo watu ambao wangekufa ndani ya wiki chache wameishi miaka mingi.

Hata hivyo, kazi ya mashine inaishia kwenye damu. Haimrudishii mgonjwa kinga yake wala nyama ya miguu yake. Takwimu za nchi nyingi zinaonyesha kwamba wanaosafishwa damu hufa zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa, na maambukizi yanafuata katika nafasi ya pili. Katika vituo vyetu vya kusafisha damu yote mawili huzungumzwa. Kinachozungumzwa kidogo ni hali ya mwili unaokutana na maambukizi hayo: kama mgonjwa anaweza kuinuka kitini bila kushikwa mkono, kama anamaliza ngazi za ghorofa moja, kama ana nguvu za kukohoa na kutoa makohozi.

Makala haya yanapima uhusiano kati ya nguvu za mwili na maambukizi. Msimamo wangu ni kwamba nguvu za mwili ni sehemu ya tiba ya anayesafishwa damu, kama zilivyo dawa za presha na sindano ya kuongeza damu, na jukumu la kuzijenga ni la kituo kwanza, kabla halijawa la mgonjwa.

Milango mitatu ya maambukizi

Mlango wa kwanza ni kinga iliyodhoofika. Figo zinapokufa, sumu ambazo mashine haziondoi zote hubaki zikizunguka mwilini. Seli nyeupe za damu zinazopaswa kuwakimbilia bakteria na kuwameza hufanya kazi kivivu, na zile zinazokumbuka maadui wa zamani huzeeka kabla ya umri wake. Ushahidi ulio wazi zaidi ni chanjo ya homa ya ini B. Mtu mzima mwenye afya akichanjwa, karibu kila mara mwili wake hujenga kinga. Kwa wanaosafishwa damu, sehemu kubwa hawaijengi hata baada ya dozi zote, na ndiyo maana wao hupewa dozi iliyoongezwa maradufu na kupimwa damu baadaye ili kuona kama chanjo imeshika.

Mlango wa pili ni ule ambao damu hupitia. Mwaka 1966 madaktari wa New York, Michael Brescia na James Cimino pamoja na wenzao, walieleza upasuaji mdogo wa kuunganisha mshipa wa ateri na wa vena mkononi ili vena itanuke na kuhimili sindano za mashine. Fistula hiyo ya mkononi, ikishakomaa, ndiyo njia yenye maambukizi machache zaidi. Lakini huchukua wiki kadhaa hadi miezi kukomaa, na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika hospitali wakiwa wameshazidiwa. Huwekewa mpira (katheta) shingoni au kwenye paja, na wengine hubaki nao kwa miezi.

Ukikaa karibu na kitanda wakati mpira unaunganishwa, utaona jinsi usalama wa mgonjwa unavyotegemea sekunde chache. Muuguzi huvaa barakoa, mgonjwa naye huvaa yake au hugeuza uso upande wa pili. Vifuniko hufunguliwa, midomo ya mpira husuguliwa kwa dawa ya kuua vijidudu, huachwa ikauke, ndipo bomba la mashine linapounganishwa. Ikiwa hatua moja imerukwa, au bakteria wameshajenga makao ndani ya mpira, dalili zaweza kujitokeza palepale: mgonjwa aliyefika mzima huanza kutetemeka nusu saa baada ya mashine kuwashwa, homa hupanda, presha hushuka. Mara nyingi kijidudu kinachoshukiwa kwanza ni stafilokokasi wa kwenye ngozi.

Mlango wa tatu ni maisha yenyewe. Anayesafishwa damu anakaa chumba kimoja na wagonjwa wengine kila wiki. Wengi wana kisukari, hivyo kidonda kidogo cha mguu kinaweza kugeuka janga. Kifua kikuu huwapata zaidi ya watu wengine, na katika nchi zetu ambako ugonjwa huo bado umeenea, kikohozi cha mgonjwa wa figo hakipaswi kupuuzwa hata siku moja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha vifo vitokanavyo na bakteria kuenea katika damu, ukaona kwamba kwa wanaosafishwa damu vilikuwa mara 100 au zaidi ya vile vya watu wengine. Hata baada ya kuzingatia umri na kisukari, pengo lilibaki kubwa sana.

Ni muhimu kuitenganisha milango hii, kwa sababu mazoezi hayana uzito uleule katika yote. Mpira uliounganishwa kwa uchafu utamwambukiza mwenye nguvu na dhaifu sawasawa. Nguvu za mwili zina uzito mkubwa zaidi kwenye nimonia, vidonda vya mgandamizo, maambukizi ya miguu, na juu ya yote katika kile kinachofuata baada ya maambukizi kuingia.

Misuli inavyoyeyuka

Misuli ya anayesafishwa damu hupungua kwa sababu nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja. Damu yenye asidi nyingi huuamuru mwili uvunje protini zake. Uvimbe wa ndani usioisha hufanya vivyo hivyo. Hamu ya kula hupotea. Na kila kipindi cha mashine huondoka na takriban gramu 6 hadi 12 za amino asidi, yaani matofali ambayo misuli hujengwa kwayo.

Tufanye hesabu ya jikoni. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, na kipande cha samaki cha gramu 100 kina karibu 20. Kile kinachopotea katika kipindi kimoja cha mashine ni sawa na yai moja au mawili, kabla mgonjwa hajaanza kuhesabu mahitaji yake ya siku. Wakati huohuo ameambiwa apunguze maharage, ndizi, viazi, nazi na machungwa kwa ajili ya potasiamu, na dagaa kwa ajili ya fosforasi. Asipopata mtu wa kumweleza ale nini badala yake, huishia kula ugali na mboga kidogo, na mwili unajilisha wenyewe.

Kisha kuna kukaa. Vipindi vitatu vya saa nne ni saa 12 za kulala au kuketi kwa wiki, bila kuhesabu safari na foleni. Wengi wakirudi nyumbani siku hiyo hulala tu kwa uchovu. Familia, kwa mapenzi, humpokonya kila kazi: usichote maji, usifagie, usiende sokoni. Mwaka unapoisha, uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni kwenye juhudi kubwa ni takriban nusu hadi theluthi mbili ya ule wa mtu wa umri wake ambaye hana ugonjwa wa figo, hata kama mtu huyo hafanyi mazoezi yoyote.

Akiba inavyofanya kazi

Wahenga walisema akiba haiozi, na hakuna mahali msemo huo unapofaa kuliko hapa. Mwili ukishambuliwa na vijidudu, seli za kinga huongezeka kwa kasi na zinahitaji amino asidi nyingi kwa haraka. Mgonjwa mwenye homa kali hali vizuri, kwa hiyo mwili huzichota kwenye misuli. Mwenye misuli mingi ana pa kuchota. Aliyekwisha kukonda anaingia vitani akiwa hana kitu.

Misuli hutoa pia ishara za kikemia. Msuli unaofanya kazi humwaga ndani ya damu vitu vinavyotuliza uvimbe wa muda mrefu, jambo ambalo mtafiti wa Denmark Bente Klarlund Pedersen na wenzake wamelichunguza kwa miaka mingi. Kwa wagonjwa wa figo, tafiti ndogo za Uingereza zimeonyesha kwamba miezi sita ya kutembea, au ya kuendesha baiskeli wakati wa kusafishwa damu, hubadilisha baadhi ya alama za uvimbe na aina za seli za kinga kuelekea upande ulio bora.

Tena kuna misuli ya kupumua. Kukohoa ni kazi ya kiwambo, tumbo na mbavu. Anayeshindwa kukohoa kwa nguvu hubaki na makohozi kifuani, na makohozi yaliyotuama ni shamba la bakteria. Vivyo hivyo, mwenye miguu yenye nguvu hujigeuza kitandani, huenda chooni mwenyewe, hunawa, hukagua nyayo zake, na hufika kituoni siku ya kipindi hata mvua ikinyesha.

Shida ni kwamba maambukizi nayo hula akiba hiyo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani siku 10 wazee wenye afya njema, wastani wa miaka 67, ili kuona kitakachotokea. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, ingawa hawakuwa na homa wala ugonjwa. Mgonjwa wa figo anayelazwa wiki mbili kwa nimonia hupoteza kwa njia zote kwa pamoja: kitanda, homa, njaa na mashine. Anaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa dhaifu kuliko alivyoingia, na maambukizi yajayo yatamkuta hapo.

Ushahidi unasema nini

Tafiti za kufuatilia wagonjwa zinaelekea upande mmoja. Utafiti wa kimataifa uitwao DOPPS uliwaangalia wagonjwa 20,920 katika nchi 12, na matokeo yake ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliofanya mazoezi mara kwa mara walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 27. Nchini Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipima nguvu za misuli ya mapaja na kuona kwamba wenye miguu dhaifu walikufa mapema zaidi ya wenzao. Nchini Italia, kila mita 20 za ziada ambazo mgonjwa aliweza kutembea ndani ya dakika sita zilienda sambamba na kupungua kwa asilimia 6 kwa hatari ya kufa, kupata tatizo la moyo au kulazwa.

Lakini msomaji makini atauliza: je, waliishi zaidi kwa sababu walifanya mazoezi, au walifanya mazoezi kwa sababu walikuwa wazima zaidi tangu mwanzo? Swali hili ni halali na haliwezi kujibiwa kwa kufuatilia watu tu. Aliyetoka kuugua maambukizi ya damu mwezi uliopita hatembei mbali, na huyohuyo ndiye atakayelazwa tena. Udhaifu unaweza kuwa chanzo, unaweza kuwa alama, na mara nyingi ni vyote viwili.

Ndiyo maana majaribio yanayowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu yana thamani. Matatu yanafaa kutajwa.

La Italia, liitwalo EXCITE, lilichapishwa mwaka 2017 na lilikuwa na wagonjwa 296. Nusu yao walielekezwa kutembea nyumbani siku zisizo za mashine, dakika 10 mara mbili kwa siku, kasi ikiongezwa pole pole. Baada ya miezi sita, umbali wao wa dakika sita ulipanda kutoka mita 328 hadi 367. Wale ambao hawakupewa zoezi walibaki palepale. Hakukuwa na mashine ya gharama wala ukumbi.

La Uingereza, PEDAL, liliwapa wagonjwa baiskeli za kitandani wakati wa kusafishwa damu kwa miezi sita. Matokeo ya mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba wagonjwa wenyewe waliona maisha yao yameboreka kuliko wenzao. Vipindi vingi vya mazoezi havikufanyika kama ilivyopangwa. Wapenda mazoezi hawapaswi kuliruka jaribio hili. Linatufundisha kwamba kuleta baiskeli kituoni hakutoshi.

La Ujerumani lilichapishwa mwaka 2023. Vituo 21 vyenye wagonjwa zaidi ya 900 waliochambuliwa vilishiriki, baadhi vikitoa mazoezi ya stamina na ya nguvu wakati wa kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Kipimo kilikuwa rahisi: mgonjwa huinuka na kuketi kitini mara ngapi kwa sekunde 60? Waliofanya mazoezi walitoka wastani wa mara 16 hadi 19. Wasiofanya walishuka hadi chini ya 15. Siku za kulazwa kwa mwaka, kwa mgonjwa wa katikati, zilikuwa 2 kwa kundi la kwanza na 5 kwa la pili. Vifo havikutofautiana kwa kiwango cha kuthibitisha chochote.

Tuyasome matokeo haya kwa uaminifu. Hakuna hata jaribio moja kati ya haya matatu lililoundwa ili kuhesabu maambukizi. Hivyo yeyote anayemwambia mgonjwa kwamba mazoezi yatamkinga na maambukizi ya damu anasema zaidi ya ushahidi. Kilichothibitika ni kwamba mazoezi hujenga nguvu hata kwa mtu ambaye figo zake zimekufa, na kwamba bila mazoezi nguvu hushuka ndani ya mwaka mmoja tu. Jaribio la Ujerumani linaongeza dalili nzito kwamba siku za wodi hupungua. Ukiunganisha hayo na tunachojua kuhusu namna mwili unavyotumia misuli wakati wa homa, uamuzi wa kuanza sasa hauhitaji kusubiri jaribio lingine.

Kituo kifanye nini

Usafi wa njia ya damu uwe wa kwanza. Fedha na muda wa kituo vikiwa haba, vitumike kwanza kwenye barakoa, dawa ya kusafishia mpira, na mpango wa kumpatia mgonjwa fistula ya mkononi mapema. Anayeonekana kliniki figo zikiwa bado zinafanya kazi kidogo apelekwe kwa mpasuaji kabla ya dharura, na mkono utakaotumika usichomwe sindano ovyo. Mkono huo wenyewe unahitaji zoezi: kuminya mpira laini wa kuchezea mara kwa mara kidonda kikishapona.

Chakula kinafuata, kwa sababu msuli usiolishwa haujengeki. Ushauri uanze na kile ambacho mgonjwa anapaswa kula, kabla ya makatazo: mayai, samaki wasiokaushwa, kuku, na viazi au mboga zilizochemshwa kwa maji mengi yakamwagwa ili kupunguza potasiamu.

Kisha mazoezi yenyewe. Yanayofanyika kwenye mashine yafanywe saa mbili za mwanzo, kwa kuwa baadaye presha huelekea kushuka. Mkono wenye sindano utulie, miguu ifanye kazi. Mwenye mpira wa pajani asiendeshe baiskeli ya kitandani. Mwenye homa, maumivu ya kifua, presha isiyodhibitiwa, au aliyekosa kipindi na kuwa katika hatari ya potasiamu kupanda, apumzike na aonwe na daktari. Mwenye mpira asiogelee wala kuacha bandeji iloe jasho bila kubadilishwa. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofungwa na akague nyayo kila anaporudi.

Kwa mazingira yetu, mfano wa Italia ndio ulio karibu zaidi. Wataalamu wa tiba ya viungo ni wachache, na nchini Kenya bima ya taifa ya NHIF ilikuwa ikilipia vipindi viwili tu kwa wiki, na siku zisizo za mashine ni nyingi. Dar es Salaam au Mombasa, matembezi hayo yafanyike alfajiri, kwa sababu mgonjwa aliyewekewa kikomo cha maji hawezi kutembea juani kisha akanywa apendavyo. Asiye na mahali salama pa kutembea anaweza kuinuka na kuketi kwenye kiti imara, mara chache asubuhi na mara chache jioni, akiongeza kila wiki.

Muhimu kuliko yote ni kupima. Kiti kimoja na saa ya mkononi vinatosha. Mgonjwa anaketi, anakunja mikono kifuani, anainuka na kuketi mara tano, muuguzi anahesabu sekunde. Namba inaandikwa kwenye faili kila mwezi kando ya potasiamu na wingi wa damu. Sekunde zikizidi kuongezeka, timu inauliza: anakula? Ana huzuni? Alilazwa? Kuna homa iliyojificha? Na mgonjwa yeyote anayetoka wodini baada ya maambukizi apimwe siku ya kwanza anaporudi kituoni, apewe mpango wa chakula na mwendo palepale, kwa sababu huo ndio wakati ambao akiba yake iko chini kabisa.

Lipo pia suala la kupandikizwa. Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, matumaini hayo yamekuwa karibu zaidi kwa Watanzania. Anayepandikizwa hupewa dawa za kushusha kinga maisha yake yote, na anayeingia chumba cha upasuaji akiwa amekonda huanza safari hiyo na pengo kubwa. Miezi ya kusubiri figo ni miezi ya kujijenga.

Tusimlaumu mgonjwa kwa udhaifu wake. Mtu anayeambiwa afanye mazoezi na kituo kisichompa mpango, kisichompima na kisichomlisha elimu ya chakula ameachiwa mzigo ambao hata mwenye afya hushindwa kuubeba. Jaribio la Uingereza limeonyesha jinsi mazoezi yanavyokwama yasipoingia katika mazoea ya kituo, na la Ujerumani limeonyesha kinachowezekana yanapodumu mwaka mzima. Wizara na mifuko ya bima ambayo tayari inalipia kila kipindi cha mashine inapaswa kulipia pia mtaalamu wa viungo na wa lishe ndani ya kipindi hichohicho, na kuvitaka vituo vionyeshe namba za kiti kama vinavyoonyesha majibu ya maabara. Gharama yake ni ndogo mbele ya gharama ya kitanda cha wodi, na mgonjwa ambaye miguu yake inambeba ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani homa itakapompata.